Mnara Mmoja, Majina Manne: Kuwaepusha Waandishi Wapya na Makala Pacha

Kusini-magharibi ya kisiwa cha Mombasa, kando ya hori liitwalo Mbaraki, mahali ambapo malori yaendayo gatini hupishana mchana kutwa na ambapo wapita njia wengi huangalia maghala kuliko kitu kingine chochote, umesimama mnara wa matumbawe na chokaa, kimo chake mita zipatazo 14, wenye uwazi ndani yake na msikiti mdogo wa kale ubavuni pake. Wako wasemao kuwa ni alama ya kaburi la mkubwa mmoja wa zamani, na wako wasemao kuwa ulijengwa uwe maskani ya pepo, na hawa wa pili hutoa ushahidi wa ubani na marashi yaliyokuwa yakipelekwa pale na wenye haja zao. Sitaki kuamua baina yao, kwani lililonileta Mbaraki ni dogo kuliko hilo, nalo ni majina. Mmoja atakuambia kuwa huu ni Mnara wa Mbaraki. Wa pili atasema ni Nguzo ya Mbaraki. Wa tatu, aliyeusoma katika vitabu vya wageni, atashikilia Mbaraki Pillar. Na wa nne, ambaye kwake yeye mnara na msikiti havitengani, atakuelekeza Msikiti wa Mbaraki, nawe utafika palepale.

Kwa mtu aendaye kwa miguu wingi huo wa majina hauna dhara, maana jiwe liko na macho hulitambua. Dhara huanza pale mtu anapokwenda kulitafuta jiwe hilo katika Wikipedia ya Kiswahili, ambako hakuna macho ila herufi. Tumdhanie kijana mmoja wa chuo, mkaazi wa Mji wa Kale, aliyeupenda mnara ule na kuona haya kwamba lugha yake haina habari zake. Anafungua tovuti, anaandika "Mnara wa Mbaraki" katika kisanduku cha kutafutia, anajibiwa kwamba ukurasa wa jina hilo haupo, na papo hapo anakuta mwaliko wa kuuanzisha. Anaukubali kwa furaha, anakesha akisoma na kupanga tarehe, anaweka picha aliyoipiga mwenyewe. Kisha mtu asiyemjua anamwandikia kwa maneno makavu kwamba makala hiyo ipo tangu zamani kwa jina la "Nguzo ya Mbaraki", na kwamba yake itaondolewa. Kijana huyu ni wa kubuni, lakini msiba wake umewapata wengi walio hai, watu wazima na wanafunzi sawasawa, na baadhi yao hawakurudi tena.

Msomaji ambaye huisoma Wikipedia pasipo kujua huandikwa vipi itamfaa kuelezwa kidogo. Ilianzishwa Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger huko Marekani, na tawi la Kiswahili likafungua milango yake mwaka 2003. Haina mhariri mkuu aketiye barazani akigawa kazi, huyu aandike mito na yule aandike masheikh. Kila mwenye intaneti na nia njema aweza kuanzisha makala au kusahihisha ya mwenziwe, na kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa pamoja na jina la aliyelifanya. Kwa njia hiyo ya hiari, makala za Kiswahili zimekwisha kupita 80,000, na mnamo Agosti 2025 wanachama wa harakati hii kutoka pande zote za ulimwengu walikutana Nairobi katika mkutano wao wa kila mwaka uitwao Wikimania, ambao kabla ya hapo haukuwahi kufanyika Afrika Mashariki. Makala 80,000 si haba. Hapana mtu mmoja azijuaye zote, na maadamu hapana azijuaye zote, hapana budi mara kwa mara mtu ataandika lililokwisha kuandikwa.

Watu huuliza kuna dhara gani kitu kimoja kikiwa na makala mbili, na je, si msomaji atazidi kupata elimu? Tuchukue ngome yetu, ile iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Wengine huiita Ngome ya Yesu, wengine Fort Jesus, wengine Boma la Yesu. Ikiwa ina makala tatu, basi siku ilipoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka 2011, mwandishi mwenye bidii alilitia jambo hilo katika makala moja aliyoijua, na zile nyingine mbili zikabaki kimya kana kwamba halikutokea. Mtu akisahihisha tarehe iliyokosewa huisahihisha mahali pamoja, ilhali kosa huendelea kuishi mahali pawili. Mwanafunzi afikaye katika ukurasa uliosahauliwa hana la kumjulisha kwamba ndugu yake, aliye mzima zaidi, yuko hatua moja tu kutoka hapo. Fauka ya hayo, waandishi wa kudumu wa Kiswahili ni wachache mno wakilinganishwa na mambo yanayongoja kuandikwa, na kila usiku unaotumika kuandika upya kilichokuwapo ni usiku ulionyimwa kitu ambacho bado hakina hata mstari mmoja.

Mji wa Mombasa una historia yake katika jambo hili la kazi kufanywa mara mbili, na kwa kuwa ni historia tamu sitaipita mbio. Wamisionari walipoanza kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, wale wa Unguja walishika lahaja ya Unguja na wale wa Mombasa wakashika Kimvita, lahaja ya Mvita, yaani Mombasa yenyewe. Na matokeo yake ni kwamba Biblia ilitafsiriwa Unguja katika karne ya 19, kazi iliyoanzwa na Askofu Edward Steere, kisha ikatafsiriwa tena kwa Kimvita, ikachapwa nzima mwaka 1914. Watu wa imani moja, wasemao lugha moja, katika pwani moja, wakawa na vitabu viwili. Mwaka 1928 ukafanyika mkutano wa nchi za Afrika Mashariki hapahapa Mombasa, na katika mkutano huo, uliokaa juu ya ardhi ya Kimvita, ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Na ikawa hadi 1952 ndipo Wakristo wa pwani na bara walipopata tafsiri moja ya muungano. Wenyeji wa Mvita wako ambao mpaka leo hawajausamehe mkutano ule, na sitawalaumu. Lakini iangaliwe tafauti iliyopo baina ya wazee wale na sisi: wao walijua vyema kwamba wenzao wa ng'ambo ya maji wana tafsiri yao, wakaandika ya pili kwa makusudi, kwa sababu waliona kwamba lahaja yao ina haki ya kuwa na kitabu chake. Mwandishi wa leo wa makala pacha hana makusudi yoyote. Yeye hakuambiwa tu.

Na ni kwa nini hakuambiwa, ikiwa alitafuta kama ilivyopasa? Hapa ndipo kiini cha mambo, na aghalabu ndipo wanaowafundisha wageni wanapopapita haraka. Mashine inayoiendesha Wikipedia hujua majina, haijui vitu. Ukiiuliza kuhusu mnara, haikuletei nguzo kwa hiari yake, hata kama kwa mtu wa Mbaraki maneno hayo mawili huashiria jiwe lilelile. Kisanduku cha kutafutia kina huruma kiasi: ukiandika kwa herufi ndogo "mnara wa mbaraki" kitakufikisha kwenye "Mnara wa Mbaraki" ikiwa upo, na ukikosea herufi moja huenda kikakupendekezea iliyo sawa. Bali kiungo kilichoandikwa ndani ya makala hakina huruma hiyo. Mtu aliyeandika katika makala ya Mombasa kiungo cha "Mnara Wa Mbaraki", kwa W kubwa, atakiona chekundu, na wageni wote hufundishwa kwamba rangi nyekundu ni dalili ya ukurasa usiokuwapo na rangi ya buluu ni dalili ya ukurasa uliopo. Mafundisho hayo ni sahihi, lakini hayakukamilika. Wekundu ule ni ushahidi kwamba jina hilo, kwa herufi hizohizo, kwa nafasi na alama hizohizo, halina ukurasa. Juu ya kitu chenyewe haushuhudii neno. Wangapi wamebofya kiungo chekundu wakaanza kuandika kwa uhakika wa mtu aliyepewa idhini!

Tena Kiswahili, kwa tabia yake, kimejaa mitego hiyo. Majina ya watu wa pwani yametoka katika hati za Kiarabu, na yakivuka kuja katika herufi za Kirumi huvuka kila moja kwa njia yake. Muyaka, malenga wa Mvita aliyeishi tangu 1776 hivi hadi 1840 hivi, huitwa Muyaka bin Haji, na Muyaka wa Mwinyi Haji, na Muyaka al-Ghassaniy, na kila jina lina wenye kulitumia na vitabu vya kulithibitisha. Mazrui huandikwa Mazrui, na Mazru'i yenye alama ya juu, na alama hiyo yenyewe kwa kompyuta yaweza kuwa iliyonyooka au iliyopinda, jambo ambalo jicho halilioni na mashine hailisamehe. Shujaa wa vita vya 1895 na 1896 dhidi ya Waingereza utamkuta akiitwa Mbaruk bin Rashid hapa na Mbarak bin Rashid pale. Na majina ya nchi je? Uhabeshi na Ethiopia. Uswisi na Uswizi. Moroko na Maghribi. Hata sanaa zetu za kale zina sura mbili, kwani lile ambalo mtu wa Lamu huliita utendi, vitabu vya shule huliita utenzi. Kila jozi katika hizi ni mlango wa makala pacha.

Walakini naona ni wajibu kuonya pia juu ya kosa la upande wa pili, ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi, nalo ni la mtu aliyetishwa sana kuhusu pacha hata akawa anawaunganisha watu wasiokuwa ndugu. Katika ukoo mmoja wa Mombasa kuna Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, ambaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na ndiye aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Kuna mwanawe, Profesa Ali Al-Amin Mazrui, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2014, bingwa wa elimu ya siasa ambaye jina lake lilivuma dunia nzima. Na kuna Alamin Mazrui wa tatu, mwanaisimu na mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, aliyezaliwa 1948. Mtu wa mbali akiyaona majina haya matatu atadhani ni mtu mmoja aliyeandikwa kwa mapambo mbalimbali. Kadhalika kina Bhalo: Ahmad Nassir Juma Bhalo ni mshairi, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka 1971, na Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, ni mwimbaji wa taarabu, jamaa yake, ambaye aliziimba tungo za mshairi huyo; na kwa kuwa maneno ya mmoja yalitoka kinywani mwa mwingine, kuwachanganya ni rahisi kuliko kuwatenganisha. Majina ya mahali nayo hurudiarudia pwani nzima. Mikindani iko Mombasa na iko Mtwara. Kisauni iko Mombasa na iko Unguja. Majengo, sijui ni mji gani usio na Majengo. Kwa haya Wikipedia ina kaida nzuri ya kutia jina la mahali ndani ya mabano baada ya kichwa cha makala, na kuweka ukurasa mmoja wa maana mbalimbali ambao humpokea msomaji na kumuuliza anamtaka yupi.

Sasa basi mgeni afanye nini? Jibu langu ni kwamba akitafute kitu, asitafute jina. Aliyetaka kuandika habari za mnara wetu asiandike katika kisanduku kichwa kizima cha makala aliyoiwaza. Aandike neno "Mbaraki" peke yake, na asiridhike na orodha fupi ya mapendekezo ishukayo chini ya kisanduku, kwa sababu orodha hiyo huonyesha zaidi vichwa vinavyoanza na herufi alizoandika, na "Nguzo ya Mbaraki" haianzi na M. Aamuru utafutaji kamili, ule usomao matini ya makala zote, na asome matokeo kwa utulivu, akikumbuka kwamba katika hayo atakuta pia gati la Mbaraki na hori la Mbaraki, ambavyo si mnara. Kisha aende katika makala ya jambo kubwa linalokizunguka kitu chake, kwa mfano makala ya Mombasa, aangalie viungo vyake vyote, ateremke mwisho wa ukurasa ambako jamii zimeorodheshwa, na aingie katika jamii inayohusu mji huo ili aone ni makala gani zimo. Pembeni mwa kila ukurasa pana amri iitwayo "Viungo viungavyo ukurasa huu", ambayo wageni hawaibofyi kamwe, nayo humfunulia mtu kurasa zote zenye kiungo cha makala hiyo. Katika orodha hiyo mara nyingi ndipo kitu kilichojificha chini ya jina lisilotarajiwa hujitokeza.

Iko njia nyingine, na kwa wale wasomao Kiingereza au Kiarabu ndiyo ya mkato kuliko zote. Tangu Oktoba 2012 kuna mradi uitwao Wikidata, ambao hukipa kila kitu kinachoandikwa katika Wikipedia yoyote namba yake, ikianza na herufi Q, na chini ya namba hiyo huorodhesha makala za kitu hicho katika lugha zote. Mwenye kuusoma ukurasa wa mnara kwa Kiingereza na aangalie orodha ya lugha iliyo juu yake: akikiona Kiswahili, makala ipo, kwa jina lolote litakalokuwa, na hana haja ya kukisia. Tena mradi huo una sharti moja lenye faida, nalo ni kwamba kila namba hukubali makala moja tu kutoka katika kila lugha. Mtu akimaliza makala yake ya pili na kujaribu kuiunga na namba ambayo tayari ina makala ya Kiswahili, hukataliwa, na kukataliwa huko ndiko kumefichua pacha wengi waliolala miaka bila ya kujulikana. Kasoro ya njia hii ni kuwa haisaidii neno kwa mambo yetu ya ndani kabisa, yale ambayo hakuna Mwingereza wala Mwarabu aliyeyaandika. Msikiti mdogo wa mtaani Kibokoni hauna namba mpaka mtu aupe. Kwa mambo ya namna hiyo hatuna budi kurudi katika kutafuta kwa subira, na katika kuuliza.

Kuuliza kumesahauliwa mno. Kila makala ina ukurasa wake wa majadiliano, na wakabidhi, ndivyo waitwavyo wale waliopewa mamlaka ya kufuta na kulinda kurasa, nao wana kurasa zao ambamo mtu yeyote aweza kuandika: "Asalaam aleikum, nakusudia kuandika habari za mnara ulioko Mbaraki, je, ziko kwa jina jingine?" Mstari mmoja wa swali, ungojee jibu hadi kesho. Vijana wengi huona haya, wakidhani kuuliza ni kukiri ujinga, ilhali katika mji wetu mtu hafungui duka la mahamri mtaani kabla ya kuuliza nani mwingine anayapika.

Hatari huzidi pale watu wengi wanapoingia kwa pamoja. Mwaka 2009 kampuni ya Google ilitangaza mashindano ya kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, pakawa na zawadi, na mamia ya makala yakaingia kwa muda wa miezi michache, nyingi zikiwa zimetafsiriwa kutoka Kiingereza. Sitaki kuyadharau mashindano yale, kwani yaliwafanya vijana wengi waujue mlango ambao hawakujua kuwa uko wazi. Lakini mashindano yoyote yenye kuhesabu makala mpya, na kuacha kuhesabu makala zilizorekebishwa, humfundisha mgeni kwamba kilichopo hakina thamani na kinachoanzishwa ndicho chenye tuzo. Na mgeni aliyefundishwa hivyo hatatafuta kwa moyo, kwa sababu akipata atapoteza pointi. Vivyo hivyo katika yale mafunzo ya siku moja ambapo watu ishirini huketi chumba kimoja, kila mmoja na kompyuta yake: wote wametoka mji mmoja, wote wanawapenda watu walewale mashuhuri, na wawili wao wataandika habari za mtu mmoja wakiwa wamekaa meza zinazotazamana. Mwalimu mwenye busara huandika orodha ya maudhui ubaoni kabla ya kazi kuanza, kila jina limekwisha kutafutwa kwa tahajia zake zote, na mbele ya kila jina huandikwa mwenye kulishika. Na huwatangulizia wageni kazi ya kuzikuza makala fupi zilizopo, zile ziitwazo mbegu, kabla ya kuwaruhusu kuanzisha mpya, kwani mtu hawezi kuikuza mbegu pasipo kwanza kuiona.

Nimesema mengi juu ya wajibu wa mgeni. Wajibu wa wenyeji ni mkubwa zaidi, maana wao ndio wajuao. Dawa ya majina mengi ni ukurasa wa elekezo, nao huandikwa kwa mstari mmoja: alama ya #, neno REDIRECT, kisha jina la makala halisi ndani ya mabano ya mraba maradufu. Ukurasa wa "Mnara wa Mbaraki" ukiwa na mstari huo tu, kila atakayelitafuta jina hilo atapelekwa moja kwa moja kwenye "Nguzo ya Mbaraki", na kila kiungo kitakachoandikwa kwa jina hilo kitakuwa cha buluu, na mgeni hatapata nafasi ya kudanganywa na wekundu. Elekezo haligombi na mtu kwa ajili ya tahajia. Mwenye kusema utendi na mwenye kusema utenzi wote hufika, na yule wa Mvita asiyekubali uamuzi wa 1928 aweza kulitia jina lake la Kimvita bila ya kumwondolea mwingine lake. Aanzishaye makala na asiache maelekezo ya majina yake mengine ameijenga nusu, na mimi humhesabu kuwa ana sehemu katika kosa la yule atakayekuja kuirudia.

Na pacha wakishazaliwa? Kwanza isifutwe yoyote kwa pupa. Makala ya pili, ijapokuwa imekuja bila ya haja, aghalabu ina jambo ambalo ya kwanza haina: picha mpya, tarehe yenye ushahidi, kitabu ambacho mwandishi wa kwanza hakukipata. Yapasa zisomwe zote mbili kwa pamoja, lililo jema la kila moja litiwe katika moja, na ile nyingine igeuzwe elekezo ili historia yake na jina la mwandishi wake visipotee. Jambo hilo ni la adabu na ni la sheria pia, kwa kuwa maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa leseni ya Creative Commons ambayo inamlazimu achukuaye maneno ya mtu amtaje aliyeyaandika. Kwa hiyo mwenye kuunganisha huandika katika muhtasari wa badiliko lake kwamba maneno haya yametoka katika makala fulani. Tena si kila makala mbili zinazofanana ni pacha. Makala ya Mombasa, makala ya Mji wa Kale na makala ya Ngome ya Yesu zitagusana daima na kusimulia baadhi ya mambo yaleyale, na hapana ubaya, maana kila moja ina mipaka yake. Ubaya huja pale ndogo inapoanza kuisimulia upya kubwa yote.

Kisha kuna jambo la maneno. Yule kijana wetu wa Mji wa Kale aliandikiwa kwamba makala yake itaondolewa. Angaliandikiwa hivi: "Karibu sana, ndugu yangu, na ahsante kwa kazi hii. Makala ya mnara huu ilikuwapo kwa jina la Nguzo ya Mbaraki, nalo ni kosa letu kwamba hatukuweka elekezo. Picha yako na zile tarehe nimezihamishia huko na nimekutaja. Hori la Mbaraki bado halijaandikwa. Je, ungelipenda kulishika wewe?" Habari ni ileile, makala inaondoka vilevile, lakini mtu anabaki. Nimesikia watetezi wa ukali wakidai kwamba kazi ni nyingi na muda wa kubembeleza haupo. Mimi nasema muda wa kumtafuta mwandishi mpya badala ya yule aliyekimbia ni mrefu zaidi, na kwa lugha yenye wasemaji wengi na waandishi wachache kama hii yetu, ukali wa namna hiyo ni israfu.

Basi wewe msomaji unayekaa Kuze, au Likoni, au Mikindani yoyote kati ya hizo mbili, na ambaye hujapata kuandika neno katika Wikipedia wala hukusudii kuandika makala nzima, unayo kazi uwezayo kuifanya leo kwa simu yako. Litafute jina ambalo nyanya yako huuita msikiti wa mtaa wenu, au kisima, au mwamba wa pwani. Ukiona mashine hailijui ilhali kitu chenyewe kimeandikwa kwa jina jingine, andika ule mstari mmoja wa elekezo, uhifadhi, na umwambie jirani naye afanye kwa yale anayoyajua yeye.